Sayyida Salme bint Said (1844–1924): Maisha ya Ughaibuni na Safari za Kurejea Kwao

Utangulizi

Kijana wa Gotu, kule Isiolo kando ya Mto Ewaso Nyiro, apatapo nafasi ya kwenda ng'ambo kusoma au kutafuta kazi hivi leo, huondoka kwa baraka za wazee wake. Huko aendako hukabiliwa na baridi, lugha ngeni na upweke. Hata hivyo, huwa na simu ya kuwapigia jamaa zake, na likizo iwadiapo hurejea nyumbani akapokewa kwa furaha. Hali hii imezoeleka mno katika Afrika Mashariki hata ni rahisi kusahau kwamba wapo waliotangulia katika njia hiyo pasipo baraka, pasipo habari za nyumbani na pasipo hakika ya kupokewa warudipo. Mmoja wao, ambaye aliacha ushahidi wa maandishi, ni Sayyida Salme bint Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete.

Masimulizi mengi juu ya Salme hupenda kukomea katika mapenzi yake na mfanyabiashara Mjerumani na kutoroka kwake kwa meli. Tukio hilo ni la kweli, lakini lilichukua muda mfupi tu wa umri wake. Miaka 57 iliyofuata ilikuwa ya kulea watoto, kujifunza lugha, kuhesabu fedha zisizotosha na kubisha hodi kwao bila kuitikiwa. Makala haya yanayafuata maisha hayo ya kila siku, pamoja na safari zake mbili za kurejea Unguja. Aidha, yanadhihirisha kwamba katika yote aliyoyapoteza, kitu kimoja hakikumtoka mkononi, nacho ni kalamu aliyojifunza kuishika kwa siri utotoni.

Malezi na Kalamu ya Siri

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Bet il Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake, Seyyid Said bin Sultan, alikuwa mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria mwenye asili ya Kicherkasi ambaye alitekwa vitani angali mtoto mdogo. Kwa hiyo, Salme alizaliwa na mama ambaye naye alikuwa ametengwa na kwao na kulelewa katika nchi ya wageni.

Jumba la Mtoni lilikuwa na mchanganyiko mkubwa wa watu na lugha. Mbele ya Sultani, lugha iliyostahili ilikuwa Kiarabu. Alipotoka, zilisikika lugha nyingi: Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kicherkasi, Kinubi na Kihabeshi. Katika mazingira hayo Salme alikua akijua kwamba mtu anaweza kuwa na lugha zaidi ya moja bila kujiona mgeni katika yoyote.

Binti wa jumba la Sultani alifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika kulihesabiwa kuwa jambo la wanaume. Salme hakuridhika na mpaka huo. Alipohamia Bet il Watoro, katika nyumba ya kaka yake Majid, alianza kujifundisha kuandika kwa kuziiga herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Alifanya hivyo kwa kificho, na habari zilipoenea alilaumiwa. Hata hivyo, hakuacha.

Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856 akiwa safarini kutoka Oman. Salme, aliyekuwa na umri wa miaka 12, alitambuliwa kuwa mtu mzima na kupewa urithi wake. Mwaka 1859 Jilfidan naye alifariki kwa kipindupindu kilichoikumba Unguja. Mwaka huohuo msichana huyo wa miaka 15 alijikuta ndani ya mgogoro wa kifalme. Kaka yake Barghash alikusudia kumwondoa Majid katika kiti cha enzi, na miongoni mwa waliomuunga mkono walikuwa dada yao Khole na Salme mwenyewe. Kwa kuwa Salme alijua kuandika, ndiye aliyefanywa katibu wa njama hizo. Kalamu aliyoipata kwa siri ikatumika kwa siri.

Njama ilishindwa kwa msaada ambao Waingereza walimpa Majid, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Baadaye Salme alipatana na Majid. Upatanisho huo ulimgharimu, kwani Barghash na Khole waliuona kuwa usaliti. Ni muhimu kuukumbuka uhasama huu, kwa kuwa ndio uliokuja kuamua hatima ya safari zake za kurejea nyumbani.

Kuondoka Unguja

Baada ya kukaa shamba kwa muda, Salme alirudi kuishi mjini. Nyumba yake ilipakana na ya Rudolph Heinrich Ruete, kijana wa Hamburg aliyefanya kazi ya biashara Unguja. Ujirani ukawa urafiki, na urafiki ukazaa mapenzi. Mwaka 1866 ilipobainika kwamba Salme ni mjamzito, hatari ilikuwa kubwa. Hakuwa ameolewa, na mwanamume mwenyewe hakuwa Mwislamu. Aibu ilikuwa ya ukoo mzima wa kifalme.

Tarehe 24 Agosti 1866 aliondoka kwa manowari ya Waingereza, Highflyer, hadi Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume mwezi wa Desemba, akamsubiri Ruete aliyekuwa akikamilisha shughuli zake Unguja. Tarehe 30 Mei 1867 Salme alibatizwa, akapewa jina la Emily, na siku iyo hiyo akafunga ndoa. Kisha safari ya Ulaya ikaanza. Mtoto wao alifariki njiani nchini Ufaransa. Hivyo Salme aliingia Ujerumani akiwa na umri wa miaka 22, na jina jipya, dini mpya, mume na msiba.

Maisha ya Kila Siku Hamburg

Wanandoa hao walikaa Uhlenhorst, mtaa ulio kando ya ziwa la Alster. Kwa macho ya jirani, hayo yalikuwa makazi ya watu wenye nafasi. Kwa Salme, kila jambo lilihitaji kujifunzwa upya. Hakujua Kijerumani. Mumewe alipokwenda kazini, hakubaki mtu nyumbani wa kuzungumza naye kwa lugha aliyoizoea. Siku za majira ya baridi katika kaskazini ya Ulaya ni fupi mno. Jua huchelewa kutoka na huwahi kuzama, na watu hujifungia ndani. Mtu aliyelelewa katika nyumba za baraza na madirisha yanayopitisha upepo wa bahari aliyaona hayo kuwa kifungo.

Mavazi yalikuwa mtihani mwingine. Ilimlazimu kuacha suruali, kanzu na barakoa ya kibinti, akavaa magauni mazito ya Kizungu na kutembea uso wazi mbele ya wanaume asiowajua. Huko kwao uso wake ulifichwa kwa heshima. Hamburg ulitazamwa kwa udadisi. Watu walimkodolea macho barabarani na mahali pa tafrija, na baadhi walitaka tu kupata kuwaeleza wenzao kwamba wamemwona binti wa Sultani. Mgeni wa namna hiyo hatazamwi kama mtu bali kama kioja, na Salme aliitambua tofauti hiyo mapema.

Kazi za nyumbani nazo zilimwelemea. Katika majumba ya Unguja, kupika, kufua na kufagia kulifanywa na watumwa wengi, na binti wa Sultani hakuhitaji kujua bei ya kitoweo. Hamburg alipaswa kusimamia jiko, kuelewana na watumishi kwa lugha asiyoijua na kufahamu matumizi ya kila siku. Polepole alijifunza. Katika kipindi cha miaka mitatu alizaa watoto watatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869 na Rosalie mwaka 1870. Majina ya pili ya mabinti, Thawka na Ghuza, pamoja na lile la babu alilopewa mwana, yanaonyesha kwamba mama yao hakukusudia kuwakata na Unguja.

Ujane na Riziki

Mwezi wa Agosti 1870 mumewe alipata ajali alipokuwa akishuka kutoka katika gari la abiria la relini lililokokotwa na farasi. Alifariki tarehe 6 Agosti. Salme alikuwa hajatimiza miaka 26, na mtoto wake wa mwisho hakuwa amefikisha miezi minne. Wakati huo Ujerumani ilikuwa imekwisha kuingia vitani na Ufaransa, na mawazo ya watu yalikuwa kwingine.

Ujane ulimfundisha kwamba ugeni si wa hali ya hewa na chakula tu. Chini ya sheria za Hamburg za wakati huo, mjane hakuachiwa peke yake usimamizi wa mali na malezi ya kisheria ya watoto, aliwekewa wasimamizi. Mwanamke ambaye kwao alitambuliwa kuwa mtu mzima akiwa na miaka 12 na kukabidhiwa mashamba yake, sasa alihitaji idhini ya wanaume wageni. Jambo hili lilimchoma, na baadaye alipoandika juu ya hadhi ya mwanamke wa Mashariki, aliwakumbusha Wazungu kwamba baadhi ya haki walizojisifia hawakuwa nazo.

Mwaka huohuo wa 1870 Majid alifariki na Barghash akashika utawala. Hivyo mlango wa Unguja, uliokuwa umeegeshwa, ukafungwa kabisa. Salme alilazimika kupunguza matumizi na kuhama mara kwa mara. Aliishi Dresden, Rudolstadt, Berlin na miji mingine, akitafuta mahali ambapo fedha zake zingetosha kuwasomesha watoto. Njia mojawapo ya kupata riziki ilikuwa kufundisha Kiarabu. Msichana aliyelaumiwa kwa kujifunza kuandika akawa mama anayelisha watoto kwa kuwafundisha Wajerumani herufi zilezile.

Mwaka 1875 Sultani Barghash alizuru London. Salme alisafiri kwenda huko kwa matumaini ya kumwona. Serikali ya Uingereza haikupenda ziara hiyo itiwe doa, na Sir Bartle Frere alimshawishi aache nia yake kwa ahadi kwamba maslahi ya watoto wake yangeangaliwa. Salme alikubali kwa ajili ya watoto. Baada ya Sultani kuondoka, ahadi ile haikutimizwa. Alirudi Ujerumani bila kaka na bila msaada.

Safari ya Mwaka 1885

Nafasi ya kuiona tena Unguja ilikuja miaka kumi baadaye, lakini haikuja kwa hisani. Kufikia mapema mwaka 1885 Ujerumani ilikuwa imetangaza himaya yake katika sehemu za bara kufuatia mikataba ya Carl Peters, na Barghash alipinga vikali. Bismarck alituma manowari kumtisha. Salme, raia wa Ujerumani na dada wa Sultani mwenye madai ya urithi, alifaa kuwa kisingizio. Alisafirishwa kwa meli iliyoitwa Adler pamoja na watoto wake, na mwezi wa Agosti 1885 akaiona pwani ya kwao baada ya miaka 19.

Hapa ndipo maisha ya Salme yanapogusa hisia zaidi. Alipotembea mjini, watu walikusanyika kumtazama, na wapo waliomjulia hali kwa Kiarabu na Kiswahili. Umma ulimtambua. Hamburg watu walikuwa wamemtazama bila kumjua. Unguja walimtazama kwa sababu walimjua. Tofauti hiyo ilimfariji kuliko chochote alichokuwa amekipata kwa miaka mingi. Hata hivyo, Sultani hakumpokea. Hakuitikia salamu zake wala hakukubali madai yake. Salme alikaa katika mji wa baba yake chini ya ulinzi wa bendera ya kigeni.

Alikwenda kuitazama Bet il Mtoni na kukuta jumba alilozaliwa limekuwa magofu. Ngazi zilikuwa zimeoza, sehemu za mapaa zimeanguka na majani yameota penye vyumba. Alichukua majani machache kuwa ukumbusho, akaondoka. Wakati huo Barghash alikuwa amekubali masharti ya Wajerumani kuhusu bara. Kisingizio kilikuwa kimekwisha kazi yake, na madai ya Salme yakasahauliwa na wale waliomleta. Mtu aliyetaka kurejea kama dada alikuwa ametumiwa kama karata.

Barghash alifariki mwezi wa Machi 1888. Mwaka huohuo Salme alirudi Unguja kwa mara ya pili, safari hii akiwa na binti yake Rosalie, akitaraji kwamba Sultani mpya, Khalifa bin Said, ambaye naye alikuwa kaka yake, angekuwa na moyo mwepesi. Hakufanikiwa. Wala hakurudi moja kwa moja kuishi Ujerumani. Alichagua kukaa Jaffa, na tangu mwaka 1892 akaishi Beirut hadi mwaka 1914. Huenda uchaguzi huo unaeleza mengi: aliyeshindwa kupata Unguja alitafuta angalau mahali pa kusikia adhana na Kiarabu mtaani.

Maandishi Yake

Kumbukumbu za Salme zilichapishwa Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani, chini ya jina la Memoiren einer arabischen Prinzessin. Alikuwa ameanza kuziandika takriban miaka tisa kabla ya hapo, kwa nia ya kuwaachia watoto wake habari za ukoo wao, kwa vile alihofu angekufa kabla hawajakua. Kitabu kinaeleza malezi, vyakula, sikukuu, ndoa, uganga na siasa za jumba la Sultani, na kinafunga kwa safari ya mwaka 1885. Hakuficha humo kwamba Ukristo wake haukumkaa moyoni na kwamba Ujerumani wake ulikuwa wa nusunusu. Aliandika pia mfululizo wa barua kwa rafiki wa Unguja juu ya maisha yake ya Ulaya. Barua hizo hazikuchapishwa uhai wake. Zilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1993.

Haifai, hata hivyo, kumsoma Salme kwa huruma pekee. Katika kumbukumbu zake aliutetea utumwa na kudai kwamba Wazungu hawakuuelewa ule wa Mashariki. Aliandika hayo zaidi ya miaka kumi baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873, ilhali mama yake mwenyewe alikuwa amenunuliwa. Maumivu ya kutengwa na kwao hayakumfumbua macho kuona kwamba watumwa waliomlea nao walikuwa na makwao. Mwaka 2019 uwanja mmoja huko Uhlenhorst ulipewa jina lake, kisha maoni hayohayo yakasababisha uamuzi wa kuliondoa. Msomaji makini hana budi kuyashika yote mawili: ushahidi wake na upofu wake.

Hitimisho

Salme alifariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, akiwa na umri wa miaka 79. Alizikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, pamoja na mumewe. Inasimuliwa kwamba katika vitu vyake ulikutwa mfuko wa mchanga wa pwani ya Unguja, ukazikwa naye. Mwaka 1994, jumba la zamani la Bet il Sahel lilipofanywa makumbusho, chumba kimojawapo kilitengwa kwa ajili ya kumbukumbu yake. Mlango aliofungiwa na nduguze ulifunguliwa miaka 70 baada ya kufa kwake.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na methali hiyo ilitosha kumhukumu Salme machoni pa wengi wa zama zake. Maisha yake yanadai ifikiriwe upya. Aliacha nchi, dini na ukoo. Hilo halina ubishi. Lakini alirudi mara mbili, na mara zote mbili uamuzi wa kumhesabu kuwa si wa kwao ulifanywa na wengine. Kilichomwezesha kujibu hukumu hiyo si urithi wala ufalme, bali ujuzi aliojipatia kwa mfupa wa ngamia.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anayemsoma Tippu Tip, ambaye tawasifu yake ya Kiswahili ilichapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, atafaidika kumsoma Salme sambamba naye. Wote wawili walitoka Unguja moja na maandishi yao yalipitia mji mmoja wa Ulaya, lakini mmoja alisimulia safari za kwenda kuteka na kufanya biashara bara, na mwingine akasimulia jikoni, ukumbini na upweke wa ugenini. Picha ya karne ya 19 katika pwani hii haikamiliki bila sauti hiyo ya pili.